Imeandikwa Wapi?

Utotoni mwangu, pwani ya Kenya, serikali ilikuwa mtu. Alivaa sare ya kaki na helmeti, na sikukuu ya taifa ikifika alisimama uwanjani akatusomea hotuba ya Rais huku sisi watoto wa shule tukichomwa na jua. Huyo ndiye DC, mkuu wa wilaya. Chini yake alikuwapo DO, afisa wa tarafa, chini ya DO chifu, chini ya chifu naibu wake, na chini kabisa mzee wa kijiji aliyejua kila nyumba ina mbuzi wangapi. Amri ziliteremka kwa ngazi hiyo; malalamiko yalipanda kwa shida, mengine yakafia njiani. Ukitaka barabara, mwalimu au kitambulisho, uliuliza jambo moja: mkubwa ni nani, na nani anaweza kunifikisha kwake? Wazazi wangu waliishi kwa swali hilo, nami nikaondoka nyumbani nikiwa mtu mzima, nimelibeba bila kujua kwamba kuna swali jingine.

Nimefikia kuliacha, na nataka kueleza ilivyokuwa.

Naishi Kansas City, upande wa Missouri. Mji huu umekatwa na mpaka wa majimbo, na mahali pengine mpaka wenyewe ni barabara ya kawaida tu iitwayo State Line. Ukivuka kwenda ng'ambo kununua mkate umeingia Kansas. Hakuna lango wala askari. Nilipata kazi ya kuhudumia wazee katika nyumba ya malezi upande wa pili, na jambo la kwanza nililogundua ni kwamba cheti changu cha uuguzi msaidizi kilikuwa cha Missouri. Kansas ina daftari lake la wauguzi wasaidizi, na sharti jina langu liingizwe humo. Nilishangaa. Nilidhani nimekuja Marekani, nchi moja yenye Rais mmoja.

Kazini nilifanya urafiki na mama mmoja mzaliwa wa huku, amenizidi umri, ananiita mdogo wake. Alikuwa na kisukari, kazi ya saa chache, na hakuwa na bima. Mimi na yeye tulilipwa karibu sawa. Lakini Missouri, mwezi wa Agosti 2020, wananchi walipiga kura ya kupanua Medicaid, ile bima ya serikali kwa watu wa kipato kidogo. Wabunge wa jimbo wakakataa kuitengea fedha, na mwaka 2021 mahakama ya juu ya Missouri ikaamua kwamba kura ya wananchi lazima itekelezwe. Kansas haijaipanua hadi leo ninapoandika. Mama yule alikaa Kansas, dakika chache tu kutoka kwangu, na kwa mtu mzima asiye na mtoto wa kulea kama yeye, mlango huo ulifungwa. Nilimuuliza kwa uchungu, "Dada, kwani Rais hajui?" Akanitazama kwa upole akasema, "Mdogo wangu, hata akijua, hili silo lake peke yake."

Jibu lile lilinikaa rohoni. Nilipoanza kujiandaa kwa mtihani wa uraia, nikajiunga na darasa la bure katika maktaba ya mtaa, likifundishwa na mwalimu mstaafu. Toleo la mtihani la wakati ule lilikuwa na maswali 100. Afisa alikuuliza yasiyozidi 10, nawe ulihitaji kujibu 6 upite. Mawili kati ya yale 100 yalifuatana: taja mamlaka moja ya serikali ya shirikisho, taja mamlaka moja ya majimbo. Ungeweza kukariri: kuchapisha fedha, kutangaza vita, kuunda jeshi, kufanya mikataba na nchi za nje; na kwa majimbo, shule, polisi, zimamoto, leseni za udereva, matumizi ya ardhi. Wengi wetu tulikuwa tumeshakariri. Mwalimu hakuridhika. Kila tulipotaja kitu ambacho serikali "inafanya", aliuliza: imeandikwa wapi?

Basi tukasoma. Utangulizi wa Katiba ile, iliyoandikwa Philadelphia katika kiangazi cha mwaka 1787, unataja makusudi 6: umoja ulio bora zaidi, haki, utulivu wa ndani, ulinzi wa pamoja, ustawi wa wote, na uhuru wa waliopo na watakaozaliwa. Maneno mapana hayo, yangetosha kuhalalisha karibu kila jambo. Lakini utangulizi haumpi mtu yeyote mamlaka yoyote. Mamlaka ya kutunga sheria yako mbele, katika Ibara ya Kwanza, kifungu cha 8, na yameorodheshwa moja moja: kutoza kodi, kukopa, kusimamia biashara baina ya majimbo na nchi za nje, kuweka sheria ya uraia, kutengeneza sarafu na kuweka vipimo vya uzito, kuanzisha posta, kulinda haki za waandishi na wavumbuzi, kuadhibu maharamia wa baharini, kutangaza vita, kuunda jeshi. Hata jeshi hilo fedha zake zisitengwe kwa muda unaozidi miaka 2, ili wabunge walazimike kuliangalia upya. Mwishoni kuna ruhusa ya kutunga sheria zinazohitajika na zinazofaa kutekeleza hayo yote, na hapo pamekuwa mlango mpana. Tangu kesi moja ya mwaka 1819 kuhusu benki majaji wamebishana upana wake. Kisha Marekebisho ya Kumi ya mwaka 1791 yakatamka kwamba yale ambayo shirikisho halikupewa, wala majimbo hayakukatazwa, yamebaki kwa majimbo au kwa wananchi wenyewe.

Wamarekani wenyewe walifika hapo kwa machungu. Mkataba wao wa kwanza, ulioanza kutumika mwaka 1781, uliunda muungano usioweza kutoza kodi. Uliweza tu kuyaomba majimbo 13, nayo yakatoa yalivyotaka. Kuurekebisha kulihitaji yote 13 yakubali, na jimbo dogo la Rhode Island peke yake liliweza kukwamisha ushuru wa forodha. Wakulima wenye madeni wa Massachusetts, wengi wao askari wa zamani, wakashika silaha mwaka 1786. Waliokutana Philadelphia walitaka serikali yenye nguvu, na papo hapo waliiogopa. Orodha ile ni matokeo ya haja hiyo na woga huo.

Kilichonigeuza kabisa, hata hivyo, kilitokea jirani. Independence, mji alikokulia Rais Harry Truman, unapakana na Kansas City, na maktaba yake ya kumbukumbu iko huko. Nilikwenda, na huko nikakuta habari hii. Aprili 1952, Marekani ikiwa vitani Korea, wafanyakazi wa viwanda vya chuma walikuwa karibu kugoma. Truman aliona askari watakosa silaha, akaamuru serikali ivishike viwanda vile. Kusudi lake lilikuwa ulinzi wa nchi, mojawapo ya makusudi yaliyotajwa kwenye utangulizi wenyewe. Mwezi wa Juni Mahakama ya Juu ikaamua, majaji 6 kwa 3, kwamba hakuwa na mamlaka hayo: Katiba haikumpa, na Kongresi haikumpa. Wawili kati ya wale 6 aliwateua yeye mwenyewe. Truman akavirudisha viwanda. Mgomo ukafuata, ukadumu zaidi ya siku 50.

Niliisoma habari hiyo nimesimama, nikaisoma tena. Nilikotoka, Rais akisema jambo kando ya barabara, kufika jioni lilikuwa sera. Hapa alikuwapo kiongozi wa taifa kubwa, wakati wa vita, mwenye nia njema, akaambiwa hata na watu aliowateua kwamba nia njema haimpi ruhusa. Naye akatii. Nililia, sioni haya kusema. Miaka yote nilikuwa nikiomba tupate mkubwa mwema. Hakuna aliyenifundisha kutaka mkubwa ambaye hata wema wake una mipaka.

Sitaki mtu adhani nimeyapenda mamlaka ya majimbo hivi hivi. Mpaka ninaouvuka kwenda kazini umemwagiwa damu. Mwaka 1854 Kongresi iliwaachia walowezi wa Kansas waamue wenyewe kama wataruhusu utumwa, na watu wa pande mbili wakauana kwa miaka. Mwendo wa saa moja hivi kwa gari, mjini Topeka, kuna shule ya zamani ya Monroe ambayo sasa ni makumbusho ya taifa. Sheria ya Kansas iliiruhusu miji mikubwa kutenganisha watoto weusi na weupe katika shule za msingi, na binti mdogo, Linda Brown, alipelekwa Monroe ilhali shule ya weupe ilikuwa karibu zaidi na kwao. Shule ni mamlaka ya jimbo. Nilijibu hivyo kwenye mtihani. Lakini Marekebisho ya 14 ya mwaka 1868 yanalikataza jimbo kumnyima mtu ulinzi sawa wa sheria, na kwa hayo Mahakama ya Juu ikavunja utengano huo mwaka 1954. Kumbe swali la mwalimu linakata pande zote mbili. Jimbo nalo huulizwa.

Na bima ya yule mama? Hiyo pia ina maandishi yake. Mwaka 2012 Mahakama ya Juu iliamua kwamba shirikisho laweza kuyapa majimbo fedha za kupanua Medicaid, lakini haliwezi kuyatisha kwa kuyanyang'anya fedha za Medicaid yaliyokuwa yakipata tayari. Uamuzi huo unamuumiza rafiki yangu, nami naulilia. Ila sasa najua mlango ni upi: ni bunge la Kansas huko Topeka, na huko ndiko alikoanza kuandika barua. Namsaidia kuzipeleka posta.

Nilipokula kiapo cha uraia niliapa kuiunga mkono na kuitetea Katiba. Jina la Rais halikutajwa. Na kwa kuwa Katiba ya Kenya ya 2010 inamruhusu mzaliwa kubaki Mkenya, sikupoteza uraia wa kwetu. Nikaisoma Katiba hiyo nayo, kwa mara ya kwanza, neno kwa neno.

Sisi Wakenya si shirikisho. Tulilikaribia mwaka 1963, Ronald Ngala na wenzake wa chama cha KADU walipopigania majimbo. Mwaka uliofuata tu mfumo ule ulikuwa umezimwa. Ugatuzi wa 2010 ni kitu kingine: kaunti 47, kazi zao zimeorodheshwa katika Jedwali la Nne, na Ibara ya 186 inasema kazi ambayo kaunti haikupewa ni ya serikali ya kitaifa. Ni kinyume cha Marekebisho ya Kumi. Hata hivyo orodha ipo, na mahakama zinaisoma. Agosti 2022 Mahakama ya Juu ya Kenya ilibatilisha sheria ya mwaka 2013 ya mfuko wa maendeleo ya maeneo bunge, kwa kuwa iliwaingiza wabunge katika utekelezaji na kuvuruga mgawanyo wa kazi kati ya serikali mbili.

Mdogo wangu wa kiume alichukia niliposifu uamuzi huo. "Dada," aliniambia kwa simu, "mtoto wa maskini anasoma kwa basari ya mfuko huo, hasomi kwa ibara." Nikamwambia ana haki ya kuitaka basari, na ana haki zaidi ya kuipata bila kumpigia mtu magoti. Tulibishana hadi salio likaisha.

Lakini mwaka huohuo zahanati ya kijiji iliishiwa dawa za presha anazotumia mama, na safari hii mdogo wangu hakwenda nyumbani kwa mbunge. Alichapisha Jedwali la Nne, akagawia majirani nakala, wakaenda kwenye kikao cha maoni ya umma kuhusu bajeti ya kaunti. MCA mmoja, yaani mjumbe wa bunge la kaunti, alipowaambia kwamba dawa ni kazi ya Nairobi, mama wa jirani alisimama akamsomea sehemu ya pili, kipengele cha pili: vituo vya afya na famasia za kaunti. Kikao kikaendelea kwa kuuliza zahanati imetengewa shilingi ngapi, na dawa zitafika mwezi gani.