Kabla ya Kupandisha Paneli Juu ya Paa

Swali ambalo kamati yetu ya msikiti imeulizwa mara nyingi zaidi mwaka huu si la ndoa wala la mirathi. Ni la sola. Muumini hukaa kidogo baada ya swala, husubiri watu wapungue, kisha hutoa mfukoni karatasi aliyoandikiwa dukani na kutuuliza kama bei ile ni ya haki. Nasi hujibu kwa swali: bei ya kupata nini? Wengi hunyamaza hapo, kwa kuwa dukani hawakuulizwa hilo. Waliulizwa wana fedha kiasi gani.

Msikiti wetu uko pwani ya Tanga, mahali ambapo nyumba nyingi zi mbali na nguzo za umeme, na zilizo karibu nazo hazina hakika ya taa kila usiku. Haja ipo, na jua lipo. Kinachokosekana ni maarifa madogo ambayo mwenye nyumba angeweza kuyapata kwa kalamu na karatasi kabla fedha haijatoka mkononi.

Neno lenyewe limetupotosha. Mtu husema "nimenunua sola" kama asemavyo mwenzake "nimenunua baiskeli", ilhali alichonunua ni vitu vinne vilivyofungwa pamoja: paneli inayovuna, kontrola inayosimamia chaji isizidi wala kupungua, betri inayotunza, na inveta inayougeuza umeme wa betri ufanane na ule wa ukutani. Kimoja kikiwa dhaifu, vingine vitatu havimsaidii mwenyewe. Na kila kimoja kina kipimo chake, kwa hiyo mtu akikuuzia "sola ya wati 1000" muulize ni wati 1000 za nini. Mara nyingi ni za inveta, ambayo haivuni hata chembe ya umeme.

Hapa pana jambo ambalo tukilielewa mengine hufuata yenyewe. Wati ni kasi, mfano wa maji yanavyotoka bombani. Wati-saa ni kiasi, mfano wa maji yaliyokusanyika ndooni. Balbu ya wati 7 ikiwaka saa 5 imekula wati-saa 35. Pasi ya wati 1000 ikitumika saa moja imekula wati-saa 1000, na hiyo ndiyo uniti moja tunayoinunua kwa LUKU. Basi mwenye nyumba achukue karatasi, aandike kila chombo, wati zake zilizochapwa nyuma yake, na saa atakazokitumia kwa siku, azidishe, kisha ajumlishe. Kazi hiyo haimalizi hata nusu saa, na mtoto wa darasa la sita anaiweza.

Tuliifanya kazi hiyo pamoja na mama mmoja mjane wa mtaani kwetu, ambaye ametupa idhini ya kuisimulia bila jina lake. Marehemu mumewe ameacha watoto, kwa hiyo fungu la mama katika mirathi lilikuwa thumuni, na kwa fungu hilo alikusudia kuweka sola na friza ndogo ili auze barafu na juisi ya ukwaju. Karatasi aliyokuja nayo ilikuwa na paneli moja ya wati 200, betri moja ya maji ya volti 12 na ampea-saa 100, na inveta ya wati 1000. Muuzaji alikuwa amemwambia itatosha kila kitu.

Tukaandika. Taa nne, wati-saa 140. Feni moja ya wati 60 kwa saa 8 za usiku, 480. Simu na redio, 40. Friza ndogo ya kawaida tuliikadiria wati-saa 1000 kwa siku, kwani haizimwi. Jumla ikafika 1660. Kisha tukageukia upande wa mavuno. Kwetu, siku njema ya jua ni sawa na saa 5 hivi za jua kali kamili. Asubuhi na jioni jua lipo lakini ni dhaifu. Wati 200 kwa saa 5 ni 1000, na ukiondoa kinachopotea katika joto, vumbi, waya, betri na inveta, kinachofika kwenye chombo ni kama 700. Haikufika hata nusu ya haja yake.

Betri nayo ilikuwa na hadithi yake. Volti 12 mara ampea-saa 100 ni wati-saa 1200, lakini betri ya maji haifai kutumiwa zaidi ya nusu, maana ikizoeshwa kumalizwa kila usiku hufa mapema sana. Imebaki 600. Usiku mmoja wa feni, taa na friza ulihitaji zaidi ya 1100. Maana yake, katikati ya usiku kila kitu kingezimika, na barafu ingekuwa maji kabla ya adhana ya Alfajiri.

Mama alizitazama tarakimu zile kwa muda, kisha akasema, "Sasa mwanangu, huyu kijana alitaka kunidhulumu?" Tulimwambia tusimdhanie hivyo. Fundi alipewa kiasi cha fedha akapanga vyombo vinavyolingana na fedha ile. Haja ya nyumba hakuijua, na kosa lake ni kuahidi asichokipima. Kwa hesabu yetu mama alihitaji paneli zisizopungua wati 500, na 600 kwa ajili ya siku za mawingu ya masika, pamoja na betri mbili za lithiamu za ukubwa uleule. Fedha hiyo hakuwa nayo yote. Akaamua mwenyewe: "Friza ingoje. Taa isingoje, wajukuu wanasoma." Alirudi dukani akaomba aandikiwe upya: taa, simu na feni ya umeme wa betri isiyozidi wati 30, lakini kontrola iwe kubwa tangu mwanzo, ili siku ya kuongeza paneli asilazimike kuitupa. Fedha iliyobaki ameirudisha kwenye akiba.

Tukija kwenye paneli, udanganyifu ulioenea ni wa lebo. Paneli ndogo hubandikwa karatasi yenye namba kubwa. Dawa yake ni futi kamba. Jua kali hutoa wati 1000 hivi kwa kila mita moja ya mraba, na paneli nzuri za siku hizi hugeuza kama sehemu moja ya tano kuwa umeme, yaani wati 200 kwa mita ya mraba, au zaidi kidogo. Basi ukipima paneli ukaikuta ina urefu wa mita moja na upana wa sentimita 67, hiyo haiwezi kuzidi wati 150 kwa namna yoyote, hata ikiwa imeandikwa 300. Muuzaji mkweli hatakasirika ukipima.

Kuhusu mwelekeo, sisi tulio kusini ya ikweta huelekeza paneli kaskazini, kwa mwinamo mdogo wa nyuzi 10 au 15, ili pia mvua ioshe vumbi. Watu wa pwani yetu tumefanyiwa wepesi: kibla chetu ni kaskazini, hivyo asiye na dira atazame mihrabu. Lakini kivuli kina madhara kuliko mwelekeo. Kuti moja la mnazi likiangusha kivuli chake kwenye kona ya paneli linaweza kushusha umeme kwa kiasi kisicholingana kabisa na udogo wa kivuli kile, kwa sababu seli zimeunganishwa mfululizo, na iliyozibwa huwazuia wenzake. Mwenye paa atazame saa 4 asubuhi, adhuhuri na saa 9 alasiri, aone kivuli cha mti au mnara kinapita wapi. Tena asiilaze paneli ikagusa bati. Paneli ikipata joto mavuno hupungua, na juu ya bati la mchana wa Januari upungufu huo hufika asilimia 10 hadi 15; iachiwe nafasi kama shubiri moja upepo upite. Na kwa hewa yetu ya chumvi, nati na boliti ziwe za chuma kisichoshika kutu.

Waya watu huudharau, nao ndio mwizi asiyeonekana. Katika mfumo wa volti 12, waya wa milimita 2.5 uliovutwa mita 15 na kupitisha ampea 10 hupoteza njiani volti mbili na ushei. Taa itafifia, na mwenye nyumba atailaumu betri. Tiba ni kufupisha njia, kuweka waya mnene, au kutumia mfumo wa volti 24. Fyuzi nayo iwe karibu kabisa na betri, kwani betri ikigusana nyaya zake ina nguvu ya kuunguza nyumba.

Betri ya gari isinunuliwe kwa kazi hii, hata iwe mpya. Imetengenezwa kutoa nguvu nyingi kwa muda mfupi wa kuwasha injini, na si kutoa kidogo kidogo usiku kucha. Ile ya maji, mbali na kutumiwa nusu, inataka kuongezwa maji maalumu ya betri na kuwekwa mahali penye hewa, maana hutoa gesi inayoshika moto. Chumba cha kulala si mahali pake. Lithiamu bei yake ni kubwa, lakini hutumiwa asilimia 80 au zaidi bila kudhurika, na huishi miaka mingi zaidi. Anayeweza kungoja miezi michache ili ainunue, sisi humshauri angoje.

Upande wa msikiti, mjadala mkubwa katika kamati ulikuwa juu ya pampu ya kisima. Wapo waliotaka betri kubwa ili maji ya udhu yasukumwe hata usiku. Pampu ya nguvu ya farasi mmoja hula wati 750 hivi ikiwa imeshaanza, na wakati wa kuanza hudai mara tatu au zaidi ya hizo, jambo linaloua inveta nyingi. Tulichokubaliana ni kwamba pampu ifanye kazi adhuhuri, jua likiwa kali, ijaze tangi lililo juu ya mnara mdogo, na usiku maji yashuke yenyewe. Tangi la plastiki ni rahisi kuliko betri, wala halichakai kwa kujazwa na kumwagwa kila siku. Betri tumeiachia vipaza sauti, taa na feni za Isha, pamoja na zile saa za ziada za tarawehe ambazo aliyepiga hesabu ya miezi ya kawaida huzisahau.

Kuna nyumba nyingi zinazochukua sola kwa malipo ya kidogo kidogo kwa simu. Hapa maarifa ya umeme hayatoshi. Jumhuri ya wanazuoni wanaruhusu bei ya mkopo kuzidi bei ya taslimu, mradi bei iwe moja, ijulikane, na wawili waafikiane juu yake kabla ya kuachana. Lakini nyongeza inayotozwa kwa sababu mtu amechelewa, hiyo ni riba. Kwa hiyo kabla ya kubonyeza kukubali, uliza: jumla yote ni kiasi gani? Nikichelewa, mtaifunga taa tu hadi nilipe, au mtaongeza deni? Na chombo kitakuwa mali yangu lini? Majibu yawe ya maandishi. Tumeshaona mikataba inayofunga taa bila kuongeza hata shilingi, na tumeona ile inayoongeza.

Fundi naye aulizwe leseni. Mafundi umeme nchini hupewa na EWURA, na aliye nayo huionyesha bila kununa. Risiti itaje namba ya kila chombo na dhamana ya kila kimoja peke yake, kwa sababu paneli hudhaminiwa miaka mingi na betri michache, na neno "dhamana ipo" halisemi ni ya kipi.

Limebaki la betri zilizokufa. Ndani yake mna risasi na asidi, na risasi hudumaza akili za watoto hata kwa kiasi kidogo. Tumewahi kuikuta moja imepasuliwa nyuma ya madrasa, asidi imemwagwa mchangani, watoto wakichezea vipande vyake. Sisi tumeandikiana na muuzaji wa msikiti kwamba siku atakapoleta betri mpya ataondoka na ya zamani, na mama yetu wa taa nne ameomba sharti hilohilo liingizwe katika karatasi yake.