Mpendwa, Nunua Tairi Kwanza

Leo sina somo refu. Nina neno juu ya tairi, na wewe uliye Githurai usipite haraka, nitakufikia.

Tangu Oktoba iishe, watoto wetu walio ng'ambo wananiuliza swali moja, karibu kwa maneno yale yale: "Pasta, kuna haja ya kuweka tairi za baridi, ama hii ni biashara tu ya kutukamua pesa?" Anauliza dada wa Minnesota anayetunza wazee usiku. Anauliza kijana aliye Ujerumani, mwaka wake wa kwanza wa kusomea uuguzi. Na najua kile ambacho swali halisemi. Seti ya tairi nne huko Marekani inaanzia kama dola 500 kwa gari dogo, na kwa gari kubwa inapita 1000. Ukishaipiga hesabu kwa shilingi, unaona karo ya ndugu yako, unaona dawa za pressure za mama, unaona ile ahadi uliyotoa kanisani. Halafu unaangalia tairi zilizo kwenye gari, unaona bado zina meno, unasema acha tu niendeshe polepole.

Jibu langu ni hili. Kama unaishi mahali ambapo baridi inashuka chini ya digrii 7 na kukaa huko wiki baada ya wiki, na kazi yako inakutoa nyumbani alfajiri au usiku kwa gari, nunua. Nunua kabla hujatuma.

Watu wengi wanadhani ni mambo ya theluji peke yake. Mpendwa, ni mambo ya mpira. Chukua mkebe wa Kimbo uuache jikoni Mombasa, utakuta umelainika karibu kuwa maji. Peleka mkebe huo huo Limuru mwezi wa Julai, utachota kwa kijiko mpaka mkono uchoke. Tairi ya kawaida ni hivyo. Imetengenezwa kwa lami yenye joto, na ikishuka chini ya hizo digrii 7 hivi, mpira unaanza kuwa mgumu na hauishiki barabara vizuri, hata kama lami ni kavu na hakuna theluji hata punje moja. Tairi ya baridi ina mpira wa mchanganyiko mwingine unaobaki laini kwenye baridi kali. Pia ukiiangalia kwa karibu, kila jino lake limekatwakatwa na mistari midogo midogo kama iliyochorwa na wembe. Hiyo mistari ndiyo inayouma theluji na barafu.

Kwa hiyo usiniambie tairi zako bado zina meno. Meno ya jiwe hayashiki barafu.

Januari moja nilikaa Minnesota wiki tatu. Siku ya pili, ndugu aliyenipokea alikuwa akiingia kwenye uwanja wa kuegesha magari, mwendo wa mtu anayetembea. Akakanyaga breki. Gari halikusimama. Lilienda taratibu, kwa heshima kabisa, mpaka likagusa ukingo. Yeye akacheka, amezoea. Mimi sikucheka. Nilikuwa nawaza: hapa ni mwendo wa miguu, je, akiwa barabara kuu, saa kumi na moja asubuhi, ametoka shifti ya saa kumi na mbili na macho yanafumba?

Kuna anayesema, "Pasta, mimi nina Subaru, inavuta na magurudumu yote manne." Ndugu yangu, magurudumu manne yanayovuta yatakusaidia kuondoka. Hayatakusaidia kusimama. Kila gari lina breki kwenye magurudumu yote manne, hata ile Vitz ya jirani. Kinachosimamisha gari ni ule mpira unaogusa barabara, na kila tairi inagusa kwa sehemu inayokaribia ukubwa wa kiganja chako. Viganja vinne. Hivyo tu ndivyo vimekushika wewe na watoto walioko nyuma.

Kuna anayesema anazo za misimu yote. Hilo ni jibu la maana kidogo. Tazama ubavuni mwa tairi. Ukiona herufi M+S peke yake, ujue hiyo ni alama ya zamani inayosema tairi inafaa matope na theluji, na mtengenezaji anaweza kujiwekea bila kufanyiwa mtihani. Ukiona picha ya mlima wenye vilele vitatu na ua la theluji ndani yake, hiyo imepimwa kwenye theluji na kufaulu. Tairi ya misimu yote yenye mlima, kwa mtu anayeishi mjini ambapo barabara zinasafishwa mapema na baridi si ya kuvunja mifupa, inatosha. Kwa Minnesota, Alberta, Finland, mimi singeitegemea.

Sheria nazo hazifanani. Quebec inalazimisha tairi za baridi kuanzia 1 Desemba hadi 15 Machi. Sweden ni 1 Desemba hadi 31 Machi, barabara zikiwa na hali ya baridi. Ujerumani haitaji tarehe. Inasema ukiendesha kwenye theluji au barafu, tairi ziwe za kufaa, na tangu 1 Oktoba 2024 M+S peke yake haitoshi, lazima kuwe na mlima. Faini inaanzia euro 60 na pointi moja kwenye leseni. Wenyeji wana msemo wao kwamba ziwekwe Oktoba na kutolewa Pasaka, hiyo hata mshirika mvivu anaweza kukumbuka. Minnesota haikulazimishi, Uingereza haikulazimishi. Sasa usisubiri polisi akulazimishe ndipo ujue barafu ni barafu.

Nyinyi wa Dallas na Houston, msinunue. Baridi yenu ni ya siku chache kwa mwaka. Lakini siku hizo chache zikija, kaeni nyumbani, hata bosi akikasirika. Tarehe 11 Februari 2021, pale Fort Worth, magari zaidi ya 130 yaligongana asubuhi kwenye barabara moja kuu iliyoganda, na watu 6 walikufa. Wengi walikuwa wanaenda kazini tu.

Sasa niseme lile gumu. Wazee wa kanisa wamenisikia nikilisema mbele yao, kwa hiyo si siri. Kama uliahidi pesa ya ujenzi na pesa ya tairi ni hiyo hiyo, nunua tairi. Jengo litangoja. Mabati hayana haraka. Na wewe mama uliye Kinangop, mtoto akikuambia mwezi huu atatuma nusu, usimwambie amesahau alikotoka. Muulize kama gari lake lina tairi. Nimekaa kwenye kamati mbili za kurudisha mwili nyumbani baada ya ajali za barabara za barafu. Sitaandika majina, familia ziko hapa na zinasoma. Pesa tuliyochanga kila mara ingenunulia tairi ukoo mzima, na ilipatikana kwa siku kumi. Hakuna aliyeuliza bei.

Na ukiniandikia niombee safari, nitakuombea, hiyo ni kazi yangu na ninaifurahia. Lakini nitakuuliza pia tairi ni za mwaka gani.

Swali hilo si mzaha. Wengi mnanunua zilizotumika, na si dhambi. Angalia ubavuni tarakimu nne za mwisho baada ya herufi DOT: ukiona 3519, hiyo ni wiki ya 35 ya mwaka 2019. Mpira unazeeka hata ukilala stoo. Meno yawe angalau milimita 4, chini ya hapo theluji inaanza kukushinda hata kama sheria ya mahali pako inakubali kidogo zaidi. Weka zote nne. Ukiweka mbili mbele peke yake, nyuma itataka kuwa mbele kwenye kona ya kwanza. Pima upepo kila mwezi, maana kila baridi ikishuka digrii 5 au 6, presha inapungua kama psi moja. Na ukipata rimu za pili za bei nafuu, fungia tairi za baridi humo moja kwa moja, utapunguza gharama ya fundi kila msimu. Zile za kiangazi zitakuwa zimelala wakati huo, hazilikii, kwa hiyo gharama si kubwa kama inavyoonekana siku ya kulipa. Walio Ontario, ulizeni bima: kampuni zote za bima ya magari huko zinatakiwa kutoa punguzo kwa mwenye tairi za baridi, tangu 2016.

Wa Githurai, sijakusahau. Baridi ya Nyahururu ni baridi, lakini lami yetu haigandi. Shida yako ni ya upande mwingine. Magari mengi yetu yanatoka Japani, na mengine yanashuka Mombasa yakiwa bado na tairi za theluji za Hokkaido, mpya kabisa kwa macho. Utaona maandishi ya Kijapani na neno STUDLESS ubavuni. Muuzaji atakuambia umebahatika. Mpira huo laini, kwenye joto la Mtito Andei na gari limejaa, unaliwa kama sabuni, breki inachukua mwendo mrefu zaidi, na kwenye kona gari linayumba. Zitoe kabla ya safari ya Desemba. Kwa mvua zetu unachohitaji ni tairi ya kawaida isiyo kipara.

Aliye na namba ya fundi mwaminifu pale Brooklyn Park au karibu, aniletee leo jioni. Kuna dada anaanza shifti Jumatatu usiku na utabiri unasema theluji.