Bawa Lipulizwalo

Eropleni huchukuliwa na mabawa yake, na mabawa hupata nguvu kwa kusukuma hewa chini yapitapo mbio. Mwendo ukipungua mno, eropleni huanguka. Kwa hiyo eropleni kubwa hutua kwa kasi, na katika uwanja uliosawazishwa haidhuru. Lakini itakuwaje kwa ile itakayotua baharini penye mawimbi? Maji yapigwayo kwa kasi ni magumu kama mwamba.

Nyuma ya bawa mafundi walitia ubao uwezao kuinamishwa, ili hewa izidi kugeuzwa chini. Dawa hiyo yafaa, ila ina kiasi chake. Ubao ukiinama sana, hewa ipitayo juu yake huchoka, huachana nao na kuzunguka ovyo, na nguvu hupotea. Ndipo ilipopatikana akili ya kupuliza. Hewa yenye kasi hutolewa katika ufa mwembamba ulio mbele ya ubao, ikaambatana na mgongo wake. Tazama maji ya bomba yanapogusa mgongo wa kijiko: hayaanguki wima, bali hufuata mviringo. Ndivyo hewa ile ifuatavyo ubao mpaka mwisho, ikiivuta pamoja nayo ile iliyochoka.

Wajapani waliitumia akili hiyo katika eropleni iitwayo US-2, iliyoruka mara ya kwanza mwaka 2003. Ina injini 4 za kuzungusha rafadha, na ya 5 imefichwa mwilini, kazi yake kupuliza tu. Kuchukua injini nzima kwa kupuliza ni kujitwika mzigo, mtu aweza kusema. Lakini kwa sababu yake US-2 huweza kushuka kwa mwendo wa kilomita 100 hivi kwa saa, kama motakaa.

Mwezi wa Juni mwaka 2013 Wajapani wawili, mmoja wao kipofu, walikuwa wakivuka Bahari ya Pasifiki kwa mashua ya tanga. Mashua ikavuja, wakahamia chelezo cha mpira, zaidi ya kilomita 1,000 kutoka pwani, mbali kuliko helikopta iwezavyo kwenda na kurudi. US-2 moja ilifika, ikaona bahari imechafuka, ikarudi bila kutua. Wakangoja. Jioni ikaja ya pili, na mawimbi yangali ya mita 3 na zaidi. Ikashuka polepole katikati yao, ikawapakia wote wawili, ikapaa.

Mwaka 2019 yule kipofu, pamoja na mwenzi mwingine, alivuka bahari ile ile kwa tanga, kutoka Marekani hadi Japani.