Kijana alidhaniwa mzembe, kumbe macho hayatofautishi rangi

Mtoto akikosea jambo lile lile mara tatu, wazazi wengi huwa na jibu tayari mdomoni: hasikii, hatulii, akili yake iko kwenye simu. Ni mara chache mzazi hujiuliza kama mtoto anakiona kile ambacho yeye mkubwa anakiona. Mama mmoja, mwalimu na mkazi wa nje kidogo ya mji wa Moshi, alilazimika kujiuliza hivyo likizo ya Desemba, kwa sababu ya Landrover kuukuu ya marehemu baba yake.

Gari hilo, Series III la mwaka 1974, lilikuwa limekaa miaka kwenye kihamba cha familia, kando ya migomba. Injini ilikuwa nzima. Ugonjwa wake ulikuwa wayaringi. Plastiki inayofunika nyaya ilikuwa imekauka na kupasuka kwa joto na uzee, panya walikuwa wametafuna sehemu ya chini ya dashibodi, na kila fundi aliyepita alikuwa ameunga kipande chake na kukizungushia tepu.

Hilo si jambo la kupuuza. Betri ya volti 12 haimrushi mtu akiishika kwa mikono, lakini waya wake wenye umeme ukigusa bodi ya gari, betri humwaga nguvu nyingi kwa mkupuo mmoja. Waya huchemka, plastiki huyeyuka, na karibu yake kuna petroli. Landrover za enzi zile zilitoka kiwandani Solihull, Uingereza, zikiwa na fyuzi chache tu, na baadhi ya nyaya hazikupita kwenye fyuzi yoyote. Mama hakuwa tayari kupakia watoto wake wawili humo kabla nyaya zote hazijafumuliwa na kusukwa upya.

Alimwendea jirani, fundi umeme wa magari aliyestaafu. Wakakubaliana: mzee afanye kazi, na kijana wa mama huyo, mwenye miaka 15, awe msaidizi wake. Bei ilipungua kidogo, na kijana akapata cha kufanya likizo nzima.

Sheria ya kwanza ya mzee ilikuwa kutokata chochote. Wayaringi ya zamani ilitolewa nzima, kama mzizi unaong'olewa na matawi yake, ikalazwa juu ya plaiwudi barazani. Kila ilipopinda au kugawanyika, kijana aligongomelea misumari. Nyaya mpya zikafuata njia ile ile na urefu ule ule, tawi moja kwenda taa za mbele, jingine dashibodi, jingine nyuma. Unene nao ulizingatiwa, maana taa kubwa zinavuta umeme mwingi kuliko kibalbu cha dashibodi. "Fyuzi inalinda waya, haikulindii taa," mzee alimwambia. "Ukiweka fyuzi kubwa kuliko waya, waya ndio utakaoungua badala yake."

Baada ya hapo zikaja rangi. Magari ya Kiingereza ya wakati huo yalifuata utaratibu mmoja. Waya wa kahawia unatoka betri moja kwa moja, una umeme hata ufunguo ukiwa mfukoni. Mweupe hupata umeme ufunguo ukizungushwa. Kijani hupitia fyuzi na kulisha vitu kama indiketa na taa za breki. Bluu ni taa kubwa, mwekundu ni taa ndogo na za nyuma, mweusi unarudi kwenye bodi. Anayezijua rangi hizo husoma gari kama mtu anavyosoma barua.

Siku ya nne walipounganisha betri kwa majaribio, taa za nyuma ziliwaka swichi ikiwa imezimwa. Kijana alikuwa ameunga waya mwekundu kwenye kahawia. Kikarekebishwa. Kesho yake aliagizwa akate mita mbili za kijani, akakata kahawia. Siku iliyofuata akarudia kosa la taa za nyuma, na betri ikalala usiku mzima ikinyonywa hadi ikaisha.

"Mwalimu," mzee alimwambia mama, "kijana wako ana mikono mizuri, ila macho yake yako barabarani."

Jioni hiyo kijana alisemwa vya kutosha. Akapewa mfano wa fedha za waya, wa heshima ya mzee wa watu, wa alama za jiografia zilizoshuka. Alinyamaza muda mrefu, kisha akasema, "Mama, ila zinafanana."

"Nini zinafanana?"

"Nyaya. Ile anayoita kahawia na ile nyingine. Nikiziona juani nakisia. Barazani siwezi."

Mama alitoka nje na taa, akaangalia vipande vya wayaringi ya zamani vilivyowekwa pembeni. Baadhi vilikuwa vimeungwa na baba yake mwenyewe, na karibu na kila kiungo palikuwa na uzi wa katani uliofungwa mafundo: mahali pengine moja, pengine mawili, pengine matatu. Mzee fundi alikuwa amecheka alipoyaona, akidhani ni mikosi ya mtu asiyejua kazi. Mama hakucheka. Alikumbuka msimu wa kahawa. Baba yake alikuwa akichuma polepole kuliko wanawe, akibonyeza kila tunda kwa vidole kabla ya kulikata, na mama yao akimtania kwamba anachuma kahawa kama anayenunua parachichi. Kahawa iliyoiva ni nyekundu kwenye majani ya kijani. Kwa watu wengine ule wekundu unaruka wenyewe machoni. Kwa baba yake haukuruka, akategemea vidole.

Wiki iliyofuata walikwenda kliniki ya macho. Kijana alioneshwa kurasa za nukta za rangi zilizopangwa kwa duara, kipimo kilichotolewa na daktari wa Japani, Shinobu Ishihara, mwaka 1917 na kinachotumika hadi leo. Mwenye macho ya kawaida huona tarakimu katikati ya nukta. Kijana aliona ukurasa wa kwanza, ambao karibu kila mtu huuona, na kurasa nyingi zilizofuata hakuona kitu. Jibu lilikuwa upofu wa rangi, ule wa nyekundu na kijani.

Jina hilo linatisha kuliko hali yenyewe. Mtu haoni dunia kwa rangi nyeusi na nyeupe. Uwezo wake wa kusoma na kuona mbali hauguswi, na hali ya kurithi haizidi kuwa mbaya kadiri anavyokua. Kinachopungua ni tofauti kati ya nyekundu, kijani, kahawia na ndugu zao. Tiba hakuna. Barani Ulaya hali hii humpata karibu mwanaume 1 kati ya 12. Afrika ni wachache zaidi, lakini wapo, na wengi hawajawahi kupimwa.

Huja kwa njia ambayo familia nyingi hazijui. Hali hii husafiri kwenye kromosomu ya X, ambayo mtoto wa kiume huipata kwa mama yake tu. Babu mwenye hali hii humpa kila binti yake chembe hiyo, binti anaona rangi vizuri maisha yake yote, na kila mtoto wa kiume atakayemzaa ana nusu kwa nusu ya kuipata. Baba wa kijana hahusiki. Wala mama hakufanya kosa lolote.

Lakini kijana alifikaje miaka 15 bila mtu kujua? Lugha yetu yenyewe inasaidia kuficha. Kijani ni rangi ya jani, kahawia ni ya kahawa, chungwa ni ya chungwa. Mtoto akiulizwa jani lina rangi gani, jibu limo ndani ya swali. Anajifunza vitu, halafu anataja rangi kwa kukumbuka. Waya hauna jani wala kahawa ya kumsaidia.

Mzee fundi aliposikia majibu alikaa kimya kidogo, kisha akasema, "Basi tufanye kama babu yako." Hawakufunga mafundo. Kijana alikata vipande vya karatasi, akaandika namba, akabandika kila ncha ya waya kwa tepu ya kung'aa, na namba zote akaziandika daftarini na kazi yake. Kabla ya kuunga alipima kwa multimeta kama ncha mbili ni za waya mmoja. Kazi ilikwenda polepole zaidi. Taa za nyuma zikazimika zilipotakiwa kuzimika, na indiketa ya kushoto ikawaka kushoto.

Mzazi anaweza kushuku mapema. Mtoto anayepaka majani kahawia, anayechanganya kalamu za rangi zisizo na maandishi, asiyeona matunda mekundu mtini, au anayekwama kwenye ramani na grafu za rangi apelekwe kupimwa, hasa kama kuna mjomba au babu wa upande wa mama mwenye vituko hivyo. Mwalimu aambiwe ili atumie maandishi na alama pamoja na rangi. Na kwa kuwa kazi kama urubani na udereva wa treni hupima macho haya, ni vyema kijana ajue kabla hajajaza fomu za chuo.

Kijana huyu anasema anataka kusomea umeme wa magari. Mama yake hajamkatalia. Amemwambia waulize chuo kwanza, na aende na daftari lake la namba. Kuna pia mdogo wake wa kike, mwenye miaka tisa, anayezitaja rangi zote bila kukosea. Naye huenda amebeba chembe ya babu, na huenda hajabeba. Mama ameamua kwamba siku binti huyo atakapozaa mtoto wa kiume, hadithi ya mafundo ataisikia mapema.