Mama wa Beijing na Kivuko cha Ukara

Kila ninapofundisha mada ya uwakilishi, huwaandikia wanafunzi ubaoni wasifu wa kiongozi mmoja bila kumtaja jina. Mkufunzi wa ualimu. Mbunge wa Afrika Mashariki hadi Jumuiya ilipovunjika mwaka 1977. Waziri katika miaka ya themanini. Balozi nchini India. Katibu Mkuu wa Mkutano wa Nne wa Dunia wa Wanawake, Beijing, 1995. Rais wa kwanza wa Bunge la Afrika. Jina hulipata upesi: Gertrude Mongella. Nikiuliza alikuwa mbunge wa jimbo gani, darasa hunyamaza.

Jimbo hilo ni Ukerewe, wilaya ya visiwa katika Ziwa Victoria. Kutoka Mwanza hadi Nansio ni mwendo wa saa kadhaa kwa meli, na kutoka hapo kwenda Ukara ni lazima kuvuka tena. Mongella alizaliwa huko mwaka 1945, mwaka uleule ambao Aniceti Kitereza, Mkerewe mwenzake, alikamilisha kuandika kwa Kikerewe kisa kirefu cha Myombekere na mkewe Bugonoka. Kitabu hicho kilichapishwa kwa Kiswahili mwaka 1980, naye Mongella akaingia Bungeni mwaka huohuo. Sidai kwamba matukio hayo yana uhusiano wowote. Nayataja kwa sababu tumezoea kukiita kisiwa hiki pembezoni, ilhali kimelipa taifa mmoja wa waandishi wake wakubwa na mmoja wa wanadiplomasia wake wakubwa.

Msichana wa visiwani wa enzi hizo aliyetaka elimu ya juu hakuwa na budi kuyaacha maji. Mongella alisoma Morogoro kwa masista, kisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, akahitimu mwaka 1970. Yaliyofuata yanajulikana. Kinachonishughulisha mimi ni miaka yake kumi ya ubunge wa Ukerewe, kuanzia 2000 hadi 2010, kwani kwa nusu ya muda huo aliliongoza pia Bunge la Afrika. Mwaka 2010 jimbo likachukuliwa na CHADEMA. Nimewasikia wasomi wenzangu wakisema kwamba watu wa visiwani hawana shukrani: wamepewa mtu wa kimataifa, wao wanauliza habari za vivuko!

Sikubaliani nao. Jukwaa la Utekelezaji la Beijing lina maeneo 12 ya kipaumbele, na afya ya mwanamke ni mojawapo. Mjamzito wa Ukara anayehitaji hospitali ya wilaya huvuka maji kwanza, ndipo asafiri kwa barabara hadi Nansio. Kwake yeye, kuuliza habari za kivuko ndiko kuuliza habari za Beijing.

Lakini pia siwaungi mkono wanaomshutumu Mongella kwamba aliwasahau wa kwao. Tazameni mamlaka yalikuwa wapi. Bunge la Afrika alilolisimamisha tangu Machi 2004 lilikuwa chombo cha kushauri. Halikuwa na uwezo wa kutunga sheria. Na mbunge wa jimbo katika mfumo wetu hana fungu la kununua kivuko. Anaweza kuuliza swali, kupiga kelele, kumfuata waziri kwenye korido. Tumemfanya mbunge kuwa mwombaji, kisha tukamhukumu kana kwamba ndiye mwenye ghala.

Mwaka huohuo wa 2004, MV Nyerere ilijengwa kwa ajili ya njia ya Bugolora na Ukara. Tarehe 20 Septemba 2018, Alhamisi, siku ya gulio la Bugolora, ilipinduka ikiwa imekaribia kabisa gati la Bwisya. Uwezo wake ulikuwa abiria wapatao 100. Waliokufa walizidi 220.

Mongella alikuwa ameondoka Bungeni miaka minane kabla, na hata angekuwepo, kuhesabu abiria si kazi ya mbunge. Ndugu zangu watumishi wa umma mnaonisoma, hapa nasema nanyi. Kivuko kilikuwa mali ya serikali, kikiendeshwa na wakala wa serikali, TEMESA. Kuhesabu abiria na kufunga mlango kulihitaji mtu mwenye mamlaka ya kukataa, tena anayejua kwamba mkubwa wake hatamwadhibu kwa kukataa siku ya gulio, wakati watu wanasukumana. Mtu huyo hapatikani kwa kura, wala kwa azimio la kimataifa. Huajiriwa, hufunzwa na hulindwa na nyinyi.

Baada ya maafa, Ukara ilipata kivuko kikubwa zaidi. Anayekata tiketi pale Bugolora bado si mbunge.