Samaki wa elfu sitini na mbili

Najua nimepotea, na wengine wenu mmeniandikia kuuliza kama nimeacha kuandika. Sijaacha. Nilikuwa na kisa nilichokionea haya, na sasa mambo yametulia, acha nikisimulie. Mliokuja hapa kwa ajili ya programu vumilieni kidogo. Tutafika, ila kwanza kuna kilima cha kupanda na samaki wa kula.

Mwezi wa Juni mwaka 2024 kampuni ninayoifanyia kazi ilinituma Tunis, mji mkuu wa Tunisia, kwa warsha ya siku tatu kuhusu malipo ya mtandaoni. Warsha ikaisha Ijumaa, na ndege yangu ya kurudi Nairobi ilikuwa Jumapili usiku. Nikamuuliza mlinzi wa hoteli, mtu akiwa na siku moja tu aende wapi? Hakufikiri hata sekunde. "Sidi Bou Said."

Ni mji mdogo juu ya jabali linaloitazama bahari ya Mediterania, kilomita kama 20 kutoka Tunis. Unafika kwa treni iitwayo TGM, yaani Tunis, Goulette, Marsa. Kipande cha kwanza cha reli hiyo kilifunguliwa mwaka 1872, kabla hata ya Waingereza kuota reli yetu ya Uganda. Treni inakatiza Ziwa la Tunis juu ya tuta, maji kushoto, maji kulia, halafu vinaanza vituo vyenye majina ya kitabu cha historia: Carthage Salammbô, Carthage Byrsa, Carthage Hannibal. Fikiria uko kwenye matatu na kondakta anagonga bati, "Hannibal wa kushuka!"

Nisiwafiche, sikusafiri bila wasiwasi. Februari 2023 rais wa nchi ile alitoa maneno makali kuhusu wahamiaji kutoka nchi za Afrika kusini mwa Sahara, na baada yake watu weusi wakashambuliwa na kufukuzwa majumbani. Mama alikuwa amezisoma habari hizo zote. Kwa hivyo nilitembea na pasipoti na barua ya warsha mfukoni. Hakuna aliyenisumbua. Lakini ndani ya behewa walikuwepo vijana wawili weusi waliosimama karibu na mlango safari nzima, wakichungulia nje kila kituo kabla mlango haujafunguka vizuri. Mimi nilikuwa mtalii, wao hawakuwa watalii. Sikupata la kuwaambia.

Kutoka stesheni unapanda kwa miguu. Kuta zote ni nyeupe, milango na madirisha yote ni ya samawati, na milango imepigiliwa misumari myeusi yenye vichwa vikubwa iliyopangwa kuwa miezi, nyota na matao. Mtu aliyekulia Mombasa kama mimi hawezi kupita mlango wa namna hiyo bila kusimama. Yetu ya Mji wa Kale huchongwa, yao hupigiliwa misumari. Rangi zenyewe hazikujipanga. Mwaka 1915 ilitolewa amri ya kuuhifadhi mji usijengwe ovyo, na anayesifiwa kwa jambo hilo ni Baron Rodolphe d'Erlanger, mchoraji na mpenzi wa muziki wa Kiarabu aliyehamia pale. Jumba lake, Ennejma Ezzahra, siku hizi ni kituo cha muziki wa Kiarabu na wa Mediterania.

Jina la mji linatokana na Abu Said al-Baji, walii wa karne ya 13 aliyezikwa hapo. Kaburi lake lilichomwa moto Januari 2013, likatengenezwa tena. Kabla yake kilima kiliitwa Jabal al-Manar. Niliposikia hivyo nilicheka peke yangu. Manar ni mnara tu! Kiswahili changu kilinifaa zaidi kuliko programu ya kutafsiri iliyokuwa kwenye simu, ingawa kama mtakavyoona, ndicho pia kilichoniponza.

Juu ya ngazi za barabara kuu upo mkahawa wa zamani, Café des Nattes, maana yake Mkahawa wa Mikeka, na kweli watu wanakaa mikekani. Aprili 1914 wachoraji watatu kutoka Ulaya, Paul Klee, August Macke na Louis Moilliet, walizuru Tunisia na wakafika mji huu. Macke aliuawa vitani Septemba mwaka huohuo. Nilikunywa kahawa moja kwa haraka, maana njaa ilikuwa imenibana.

Haya, sasa chakula. Nilikwepa mikahawa yenye menyu za picha nikaingia kichochoroni, nikapata mahali pa meza sita. Hakukuwa na menyu. Weita, mzee wa makamo, alinipeleka kwenye sinia la barafu nichague mwenyewe. Nikasema "samaki" kwa kujiamini. Akacheka. Kumbe Watunisia wengi samaki humwita hut, ingawa alinielewa. Nikaonyesha mmoja wa rangi ya fedha, anaitwa warata, akampima kwenye mizani, akatikisa kichwa kuridhika, akaenda zake.

Kwanza ililetwa brik. Chukua manda nyembamba kuliko ya sambusa, weka jodari na kotmiri, pasulia yai bichi juu yake, kunja, tumbukiza kwenye mafuta ya moto. Inaliwa kwa mkono, na ukiuma vibaya kiini kinakumiminikia shatini. Niliuma vibaya. Kisha saladi ya mishwiya, ambayo ni pilipili na nyanya zilizochomwa zikapondwa kwa mafuta ya zeituni. Pembeni harissa, ile pilipili nyekundu ya kusaga ambayo UNESCO iliiingiza kwenye orodha yake ya turathi mwaka 2022. Halafu warata mwenyewe, amechomwa kwa chumvi na ndimu tu, ngozi imekauka inavunjika kama papadi. Nilimla mpaka mashavu ya kichwa. Kwa ufupi, sijapata samaki kama yule, na ninasema hivyo nikiwa mtu wa Mombasa.

Nikaitisha hesabu. Mzee akaileta kwenye karatasi, kwa kalamu: 62,500.

Siku zote za warsha tulilishwa hotelini. Kwa pesa yangu nilikuwa nimenunua tiketi ya treni na kile kikombe cha kahawa, nikanyoosha noti na kurudishiwa chenji bila kuihesabu. Dinari moja wakati huo ilikuwa kama shilingi 41 za Kenya. Nikapiga hesabu kichwani: shilingi milioni mbili na nusu. Nikamtazama mzee. Akadhani sijausoma mwandiko wake, akanitajia kwa Kiarabu, na ndani ya maneno yake nikasikia wazi "sittin", sitini, na "alf", elfu. Elfu! Jasho likanitoka. Nilianza hata kufikiria ni nani Nairobi anayeweza kuuza kiwanja wikendi.

Mzee alikuwa ameshaona wageni wa aina yangu. Akaketi, akaweka kidole juu ya zile tarakimu tatu za mwisho, akazifunika. Zikabaki sitini na mbili. "Dinar, khuya," akasema. Khuya ni ndugu yangu, kama sisi tunavyosema yakhe. Kisha akainua kidole: "Millim." Dinari ya Tunisia inagawanyika mara elfu moja, si mara mia, na wenyeji hupenda kuhesabu kwa hizo milimu, ndiyo maana dinari moja huiita elfu. Mkato ule, kama walivyo Wafaransa, ndio nukta yao ya desimali. Deni langu lilikuwa dinari sitini na mbili na nusu, kama shilingi 2,500 hivi. Tulicheka wote wawili, nikalipa na bakshishi juu.

Nilikuwa nimeshatoka mlangoni, bado nacheka, nikasimama. Sarafu inayogawanyika mara elfu.

Hapa ndipo wapenda programu waamke. Mfumo wa malipo ninaoutunza haukuhifadhi pesa kwa desimali, kwa sababu tarakilishi hukosea kwenye desimali. Ulizidisha kiasi kwa mia na kuhifadhi senti nzima, halafu benki ikapokea senti hizo. Kwa shilingi ya Kenya, sawa. Kwa dola, sawa. Tulipoanza Uganda tuligundua kwamba kwa kanuni za ISO 4217 shilingi yao haina senti kabisa, kama faranga za Rwanda na Burundi, nami nikachomeka mstari mmoja: ikiwa ni Uganda, usizidishe. Nikaendelea na maisha. Sikujiuliza kama zipo sarafu zilizokwenda upande wa pili. Zipo: Tunisia, Kuwait, Bahrain, Jordan. Na Oman, ambako rial moja ni baisa 1,000.

Jumatatu, keshokutwa yake, tulikuwa tunaanza kupokea malipo ya hoteli moja ya Muscat.

Chumba cha rial 45 kingezidishwa mara mia kiwe 4,500, na benki ingesoma baisa 4,500, yaani rial nne na nusu. Kila mgeni angelipa sehemu moja ya kumi. Na pengine tusingejua mpaka mwisho wa mwezi.

Nilitembea hadi Café Sidi Chabaane kwa kuwa ndipo njia ilipoishia. Ni ngazi za matuta juu ya genge, kila tuta na mikeka yake, chini yako bandari ndogo ya mashua na ghuba nzima, na ng'ambo mlima Bou Kornine wenye vilele viwili. Huleta chai ya mnanaa yenye mbegu za msonobari zinazoelea. Muuza asumini akapita na vishada vyake, vile wanaume wa kule huvichomeka sikioni. Uzuri wote ule na mimi nilikuwa nikitazama simu. Saa kumi alasiri kule, saa kumi na mbili jioni Nairobi. Ningeweza kusubiri, nirekebishe kimyakimya Jumapili uwanja wa ndege, na pengine asingejua mtu. Chai ikapoa kidogo. Nikapiga.

"Bosi, samahani kukusumbua Jumamosi."

"Kuna nini? Umepoteza pasipoti?"

"La. Jumatatu tusiifungue Muscat." Nikamweleza yote, hadi samaki.

Kimya kidogo. Kisha: "Wiki iliyopita nilikuuliza kama umeshughulikia rial. Ukaniambiaje?"

"Nilikuambia ndiyo."

"Ulikuwa umeangalia?"

"Hapana, bosi."

Kimya tena, kirefu zaidi. "Maliza chai yako, kisha niandikie yote. Uanze na hilo la mwisho."

Niliandika palepale mkekani. Wakati wa kushuka nilinunua bambalouni, mduara wa unga uliokaangwa na kumwagiwa sukari, binamu wa mahamri, nikaula wa moto nikielekea stesheni. Dinari haziruhusiwi kutoka nchini, kwa hivyo zilizobaki zikawa mikebe ya harissa, ambayo Mama sasa anaipaka kwenye samaki wa kukaanga na kusema si kali.

Muscat ilifunguliwa baada ya siku tisa. Mstari wa Uganda niliufuta, badala yake kuna jedwali linalosema kila sarafu ina tarakimu ngapi baada ya nukta. Mradi uliofuata wa malipo alipewa mwenzangu, nami sijalalamika. Na kwenye faili la majaribio, linaloendeshwa kila tunapobadilisha chochote, jaribio la kwanza kabisa linaitwa warata: dinari 62.500 ziingie, milimu 62,500 zitoke.