Wiki sita za tangi lisilo na samaki

Mzazi akishamwahidi mtoto samaki, mtoto anaanza kuhesabu siku. Asichokijua, na wazazi wengi pia hawakijui, ni kwamba tangi jipya la maji ya bahari huhitaji wiki nne hadi sita, wakati mwingine zaidi, kabla samaki wa kwanza hajaingia. Familia moja ya Yaeda Chini, wilayani Mbulu, iligundua kuwa kununua tangi ni rahisi kuliko kumtuliza mtoto anayesubiri.

Tangi lao la kioo lilikuwa la lita 60, lenye mchanga, mawe makavu ya matumbawe na pampu inayotumia umeme wa jua. Binti yao wa darasa la tano aliuliza, "Mama, chumvi si imejaa mbugani? Kwa nini tununue?" Mama hakumcheka. Mbuga ya Yaeda hujaa maji wakati wa masika, kiangazi yakakauka na kuacha chumvichumvi juu ya udongo. Ila chumvi ile ina magadi. Maji ya bahari yana takriban gramu 35 za chumvi kwa lita, nyingi ikiwa ya aina tunayotia kwenye mboga. Kwa lita 60 walihitaji zaidi ya kilo mbili za chumvi maalumu ya matangi.

Swali hilo halikupotea bure. Maji ya tangi yalipopungua, mtoto alijua bila kufundishwa kwamba huongezwa maji baridi yasiyo na chumvi. Kama mbugani, maji huondoka, chumvi hubaki.

Siku ya tatu maji yalikuwa maangavu kabisa. "Yameshakuwa safi, mama. Samaki waje."

Hapo ndipo wengi hukosea. Samaki hutoa amonia kupitia matamvua, na chakula kinachobaki kikioza huongeza amonia hiyo hiyo. Hata kiasi kidogo huunguza matamvua yake. Kinachomwokoa ni bakteria wanaoishi juu ya mawe na mchanga. Kundi la kwanza hugeuza amonia kuwa nitraiti, ambayo nayo si salama ikilundikana. Kundi la pili hugeuza nitraiti kuwa nitreti, yenye madhara madogo zaidi, inayopunguzwa kwa kubadilisha sehemu ya maji. Katika tangi jipya bakteria hao ni wachache mno, na huongezeka polepole.

Mama alimwelewesha kwa kibuyu cha maziwa. Maziwa hayagandi kwa kutazamwa. Kuna vijidudu vinavyofanya kazi ndani bila kuonekana, na ukibakiza mtindi kidogo wa jana, ya leo huganda upesi. Vivyo hivyo, jiwe kutoka tangi la zamani lenye afya huharakisha tangi jipya. Wao hawakuwa nalo, basi kila siku mtoto alitia chembe chache za chakula cha samaki zioze, ili bakteria wapate amonia ya kula. Kila Jumamosi alipima maji kwa matone ya kupimia, akaandika rangi kwenye daftari.

Wiki ya tatu amonia ilishuka hadi sifuri, lakini nitraiti ilikuwa juu. Mtoto alilia. Baba akapendekeza wanunue samaki mmoja tu, mtoto afurahi.

"Mume wangu, akifa usiku, asubuhi atakayemkuta ni mtoto," mama alijibu. "Tutamwambia nini, na tulijua?"

Baba alinyamaza. Jioni ile alikaa na binti yake wakasoma daftari pamoja, tangu ukurasa wa kwanza, akamwonyesha jinsi amonia ilivyopanda kisha ikashuka. Kwa mara ya kwanza mtoto aliona kwamba kuna kitu kinaendelea ndani ya maji yale.

Wiki ya sita, saa 24 baada ya kutia chakula, amonia na nitraiti zote zilisoma sifuri. Walibadilisha sehemu ya maji, kisha wakaagiza samaki mmoja, si watano, kwa sababu bakteria huongezeka kulingana na mzigo walionao. Matumbawe hai yatasubiri miezi kadhaa, tangi litulie.

Mzazi anayetaka kufuata njia hii amwambie mtoto muda wote tangu siku ya kwanza, na ampe kazi ya kufanya kila wiki. Mtoto mwenye daftari husubiri vizuri kuliko mtoto anayeambiwa "kesho" kila siku.